Mwaka wa Picha Hewa

Siku hizi chama cha wapiga picha wa ridhaa kina ukumbi wake, kina mlango wa kioo, na kina wanachama wanaoweza kubishana mchana kutwa kuhusu lenzi bila hata mmoja wao kutoka nje kupiga picha. Ukiwauliza chama kilianzaje, watakuonyesha picha za mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza wanauruka, na wakibanwa watasema kumbukumbu zake zilipotea. Hazikupotea. Mwaka wa kwanza chama kilikuwa na kamera, kilikuwa na kanuni, kilikutana kila Alhamisi bila kukosa, na hakikupiga hata picha moja.

Kisa kilikuwa filamu. Mwenye kamera alikuwa mchora ramani mstaafu, mtu mrefu, mkavu, mwenye kukohoa kabla ya kila sentensi, na wenzake walimbandika jina la Mzee Lenzi. Kamera yenyewe ilikuwa nzima na iking'aa, maana aliifuta kuliko alivyofuta miwani yake. Lakini duka pekee lililokuwa likiuza filamu lilikuwa limegeuka duka la matairi, na mpwa wake aliyefanya kazi melini aliahidi kuleta filamu kila alipoondoka, na kila aliporudi alileta sababu. Mtu mwingine angefunga chama akalale. Mzee Lenzi alisema kwamba mpiga picha ni jicho, filamu ni ushahidi tu, na ushahidi unaweza kusubiri.

Kwa hiyo wakajifunza kwa kamera tupu. Kila mwanachama aliichukua kwa wiki yake, akaenda nayo mitaani, akachagua mtu, akapima mwanga kwa jicho, akarekebisha masafa, akabonyeza. Kisha akavuta ule mkono mdogo wa kusogeza filamu, ingawa haukusogeza kitu. Alhamisi ikifika alitakiwa aisome picha yake mbele ya wenzake. Walikutana chumba cha nyuma cha saluni ya kinyozi, ambaye naye alikuwa mwanachama, na ukutani walikuwa wamepigilia fremu ya mbao isiyo na kitu ndani. Msomaji alikaa kwenye kiti kikuukuu cha kunyolea, akaikazia macho ile fremu, akaanza na pembe nne, moja baada ya nyingine, kuna nini. Halafu mwanga unatoka wapi na kivuli kinaangukia wapi. Mtu alisomwa mwisho. Wenzake waliuliza, wakakosoa. Kinyozi alikuwa na ugonjwa wa kusema kwamba mtu amekatwa miguu, na msomaji alijitetea mpaka mishipa ikamtoka shingoni, utadhani hiyo miguu ipo.

Waliziita picha hewa. Muuguzi wa zahanati, mwanamke mcheshi ambaye ndiye aliyekuwa mwanachama wa nne na wa mwisho kujiunga, alisema kama kuna wafanyakazi hewa na mishahara wanapokea, basi na wao wana haki ya albamu hewa. Walicheka sana. Mwanzoni walikuwa wakicheka.

Kanuni iliyokuwa kali ni moja, kwamba anayepigwa picha asiambiwe. Mzee Lenzi alisema uso ukijua kamera haina kitu unazembea, na huwezi kujifunza kwa uso uliozembea. Basi watu wa mtaa ule walichana nywele, wakakunjua kola, wakanyoosha shingo mbele ya sanduku tupu, na walipouliza picha itatoka lini waliambiwa wasubiri. Wengi walisahau. Cha bure hakimkondeshi mtu kwa kukingoja.

Aliyebaki wa kutajwa ni Fundi, na habari hii ni yake. Alikuwa mshona nguo, mwanamke wa makamo, mwenye mdomo mzito na mkono mwepesi. Aliishi na mama yake na mdogo wake wa kiume katika nyumba ya vyumba vitatu yenye ua nyuma. Mdogo wake walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi, na alizaliwa wakati dada yake ameshakuwa msichana mkubwa wa kumbeba mgongoni kutwa, hata wapita njia wakidhani ni wake. Fundi alimpenda kupita kiasi. Hakumwambia hata siku moja, maana nyumba ile haikuwa ya maneno matamu. Alimshonea mashati.

Asubuhi Kitinda alipokuwa akiondoka kwenda kufanya kazi kwenye ujenzi wa daraja, mbali huko mto ulikokuwa mpana, kamera ilikuwa kwa Fundi. Ilikuwa zamu yake. Kitinda aliiona mezani karibu na cherehani, akamwomba dada yake ampige moja amwachie mama. Hapo Fundi angeweza kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini kanuni ni kanuni, na tena aliona aibu kumwambia kijana anayesafiri kwamba dada yake na watu wazima wenzake wanazunguka mjini na kamera isiyo na kitu. Akajiambia kwamba atakaporudi filamu zitakuwa zimefika, atampiga nyingine, na hakuna atakayejua. Akamsimamisha kwenye mlango wa uani, jua likimjia ubavuni. Kitinda hakutabasamu. Alikuwa na wasiwasi wa safari, na alikuwa akitazama pembeni kidogo, kule geti lilipo. Fundi akafumba jicho la kushoto, akabonyeza.

"Nikirudi nitaikuta?" Kitinda akamuuliza.

"Utaikuta," akasema.

Alhamisi akaisoma. Juu kushoto mfereji wa bati wa kukingia mvua, juu kulia kamba ya nguo, chini kushoto ndoo, chini kulia kizingiti kilichomeguka. Pazia la mlango, mwanga wa asubuhi, halafu kijana wa shati jeupe anayetazama pembeni. Kinyozi akasema amemkata miguu. Muuguzi akasema kijana ni mzuri, kwa nini Fundi amemficha siku zote. Mzee Lenzi akakohoa, akasema hiyo ndiyo picha bora kuliko zote ambazo chama kimepata, na Fundi akarudi nyumbani amefurahi kuliko alivyokusudia.

Kabla mwezi haujaisha, Kitinda alikufa maji. Kamba ya jukwaa ilikatika, wakaanguka watatu, wawili wakaogelea. Yeye walimpata baadaye sana, chini kabisa ya mto, na waliomleta nyumbani walimzuia mama yake asifunue sanda. Walisema amkumbuke alivyokuwa. Kitambulisho chake cha kazi, ambacho ndicho pekee kilichokuwa na sura yake ya utu uzima, kilizama na suruali aliyovaa.

Uchungu wa mwana aujua mzazi. Mama yake Fundi alilia mpaka sauti ikakauka, na watu walipotawanyika nyumba ikabaki na wanawake wawili na kelele ya cherehani. Hapo ndipo mama alipouliza, kwa upole kabisa, ile picha aliyopigwa na dada yake siku ya kuondoka iko wapi. Alisema analala na kuamka akitafuta uso wa mwanawe, na kila siku unampotea kidogo zaidi, leo pua, kesho kidevu, na anaogopa siku ataamka asimpate kabisa.

Fundi akasema haijasafishwa. Wiki iliyofuata akasema dawa za kusafishia zimekwisha. Iliyofuata akasema filamu haijaisha, na filamu hairuhusiwi kutolewa kabla haijaisha. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilifika mwisho siku mama yake alipojifunga kitambaa kichwani akaenda mwenyewe saluni. Alirudi ametulia, macho makavu, uso umemlainika. Alisema Kinyozi amemhakikishia. Picha ipo, ameiona kwa macho yake, na kijana ametoka vizuri.

Fundi aliondoka na sindano ingali imechomekwa kifuani kwenye blauzi. Alimkuta Kinyozi katikati ya kazi, akamuuliza mbele ya mteja kwa nini amemdanganya mwanamke aliyefiwa. Kinyozi hakuona haya wala hakukasirika. Alimtazama kupitia kioo, wembe ukiwa hewani.

"Sikumdanganya, dada. Nimeiona."

"Kamera ilikuwa tupu. Ulijua."

"Nilijua kamera ilikuwa tupu. Na picha nimeiona, nimeishika, ina doa la kijivu pembeni. Namna ya kuyaunganisha hayo mawili, mimi pia inanishinda."

Mteja, ambaye nusu ya uso wake ilikuwa bado na povu, aliuliza kwa adabu kama atamaliziwa leo au arudi kesho. Kinyozi akamrudia. Halafu, kama mtu anayeongezea jambo dogo la ufundi, akasema kitu pekee kilichokuwa kikimkera katika ile picha ni ule mkono. Unavuta jicho. Fundi akauliza mkono gani. Kinyozi akasema ule ulioshika pazia nyuma ya kijana, vidole vinne nje, kidole gumba ndani.

Fundi alirudi nyumbani polepole, akiisoma upya ile Alhamisi kichwani. Mfereji, kamba, ndoo, kizingiti. Pazia alilitaja. Mkono hakuutaja, maana hakuwa ameuona. Alimkuta mama yake anakunja nguo, akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kadiri alivyoweza, asubuhi ile wakati Kitinda anapigwa picha yeye alikuwa wapi. Mama yake akajibu kwamba alikuwa nyuma ya pazia. Alikuwa analia na hakutaka kumsafirisha mtoto kwa machozi. Alikuwa amelishika pazia lisipepee likamfichua, akaonyesha alivyolishika, vidole vinne nje, kidole gumba ndani.

Akaona bora ayatoe yote, kabla uongo haujaota mizizi. Akamweleza mama yake kuhusu filamu, kuhusu duka la matairi, kuhusu fremu tupu na kanuni ya Mzee Lenzi. Alisema hakuna picha, haijawahi kuwepo, alimsimamisha mdogo wake mbele ya sanduku tupu akambonyezea. Alisema anaomba msamaha.

Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja. Kama hakuna picha, yule kinyozi ambaye hajawahi kukanyaga ua wao aliuonaje mkono wake?

"Unanificha," mama yake akasema. "Umemchukua mwanangu umemweka mahali, unamtazama peke yako. Mimi sikukunyima kumbeba. Kwa nini wewe unaninyima kumwona?"

Alhamisi iliyofuata mama alikuja chamani. Hakuna aliyemwalika na hakuna aliyethubutu kumzuia. Muuguzi alimpisha kwenye kiti cha kunyolea, mama akakaa, akaelekeza macho kwenye fremu tupu, akasema anaomba asomewe mwanawe. Fundi akatazama chini. Mzee Lenzi akakohoa, akaanza na pembe ya juu kushoto.

Ikawa ndiyo kazi ya chama. Wiki baada ya wiki hawakusoma picha nyingine. Kamera ilikaa kwenye mfuko wake, na watu wazima wanne na mama mmoja walikaa katika chumba chenye harufu ya poda na spiriti, wakitazama ubao wa ukuta uliozungushiwa mbao nne. Na kila mtu akatia chumvi yake. Muuguzi aliona tabasamu, dogo, la upande mmoja. Mzee Lenzi aliona mwanga ndani ya jicho. Kinyozi, ambaye zamani alikuwa amelalamika kuhusu miguu, sasa aliiona mpaka viatu, na kamba za viatu. Walisema kwa nia njema. Mama alikuwa akitoka pale ana nguvu za wiki nzima, anakula, anafagia ua, anaimba chini kwa chini. Nani angesimama katikati ya hilo?

Fundi alijaribu kusimama. Alimfuata Mzee Lenzi nyumbani kwake mchana mmoja, akamwomba asimamishe jambo hili, yeye ndiye mkubwa wa chama, watamsikiliza. Mzee Lenzi alikuwa anaifuta kamera. Alikiri kwamba mwanzoni alifanya kwa huruma. Siku hizi, akasema, hajui. Siku hizi akiingia kile chumba wa kwanza, kabla wenzake hawajafika, hapendi kuipa ile fremu mgongo.

"Funga chama basi," Fundi akasema.

"Nikifunga atakwenda wapi?" Mzee Lenzi akauliza, na Fundi hakuelewa kama alikuwa akimsema mama au mwingine.

Jambo lililomtisha Fundi zaidi lilianza kwenye cherehani. Alikuwa na desturi, tangu msiba, ya kumkumbuka Kitinda kama alivyomwona asubuhi ile, mwenye wasiwasi, akitazama geti. Ulikuwa uso wa kweli, na kwa kuwa ulikuwa wa kweli ulimuuma, naye aliupenda kwa maumivu yake. Ndio urithi pekee aliokuwa nao. Sasa kila alipouita ulikuja na tabasamu la upande mmoja. Alilifuta, likarudi. Alijaribu kuanza na macho, yakaja na ule mwanga wa Mzee Lenzi. Alimsogeza, akamgeuza, akamwita kwa jina la utotoni, na aliyegeuka alikuwa yule kijana wa Alhamisi, nadhifu, mchangamfu, mtu ambaye Fundi hakuwahi kumwosha wala kumlisha. Siku hiyo alishona mkono wa shati juu ya shingo, yeye ambaye hajakosea tangu aache kuwa mwanagenzi. Akaelewa kwamba wanamwibia mdogo wake kidogo kidogo, na wanaomwibia ni watu anaowapenda.

Alhamisi hiyo alisema kwa sauti. Muuguzi alipofika kwenye tabasamu, Fundi akasimama, akasema hakutabasamu. Alikuwa na hofu. Alikuwa anatazama geti. Yeye, Fundi, alikuwepo, na wengine wote hawakuwepo. Mama yake akageuka taratibu katika kile kiti.

"Wewe hukumwona," akasema. "Ulikuwa umefumba jicho."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana liliingia mpaka kwenye mfupa. Fundi alichukua mkoba wake akatoka, akapita katikati ya wateja waliokuwa wakisubiri, na barabarani akalia waziwazi bila kujifunika uso.

Filamu zilifika mwaka ule ulipokwisha, zimefungwa kwenye soksi za yule mpwa wa melini, ambaye safari hii alisahau kuleta sababu. Mzee Lenzi aliziweka mezani bila furaha kubwa. Walizitazama kama watu waliozoea kiza wanavyotazama mtu aliyekuja na taa. Muuguzi akauliza nani aanze, na kabla mtu hajajibu Fundi akasema ni yeye. Hakuna aliyembishia.

Alikuwa ameshapanga. Alingoja asubuhi yenye jua kama lile, mama yake akiwa ametoka, akasimama uani pale pale, akapima mwanga safari hii kwa uangalifu wote aliokuwa nao, akaupiga mlango. Mlango mtupu. Pazia, kizingiti, mfereji, kamba, na katikati pasipo na mtu. Aliwaza kwamba macho yanayobisha maneno hayatabisha karatasi. Mama ataona mahali aliposimama mwanawe, ataona hapana mtu, atalia upya, na baada ya kulia watabaki wawili na Kitinda yule yule mmoja, mwoga, wa kweli, aliyekufa. Alitaka hilo zaidi ya alivyowahi kutaka kitu chochote.

Waliisafishia picha kwenye stoo ya saluni, wameziba dirisha kwa blanketi, taa nyekundu juu, mabeseni matatu mezani. Mzee Lenzi alitingisha karatasi ndani ya dawa. Fundi alisimama karibu mno, pumzi zake zikitikisa maji. Kwanza ukaja mstari wa mfereji, kisha weusi wa mlango, kisha pazia, mikunjo yake mmoja mmoja. Katikati palibaki peupe kwa muda. Aliogopa atokee, na aliogopa asitokee, na hakuweza kujua hofu ipi ilikuwa kubwa. Kisha pale katikati pakajaa kivuli cha kawaida cha chumba, na ikawa picha ya mlango. Hapakuwa na mtu wala mkono. Mzee Lenzi aliitazama, akakohoa. Kinyozi akasema hongera, dada.

Alimpelekea mama yake picha ikiwa bado ina unyevunyevu. Mama alikuwa ameketi jikoni, akafuta mikono, akaipokea kwa mikono yote miwili, akaisogeza kwenye mwanga. Fundi alisimama akingoja. Alikuwa ametayarisha maneno ya kumfariji, ameyarudia njia nzima.

Mama aliitazama mpaka chai ikapoa. Midomo ikaanza kumcheza. Kisha akamvuta Fundi, akamkumbatia kama hajamkumbatia tangu msiba, akambusu kichwani.

"Asante, mwanangu," akasema. "Asante. Nilijua tu hutanifanyia hivyo. Umeniletea."

Fundi alifungua kinywa. Alitaka kusema, Mama, tazama vizuri, ni mlango. Lakini mkono wa mama yake ulikuwa unampapasa mgongo, na ulikuwa na uzito ambao alikuwa ameukosa kwa muda mrefu kuliko alivyojua. Akanyamaza. Na aliponyamaza hapo, alikuwa amenyamaza moja kwa moja.

Mama aliipeleka kwa fundi wa vioo ikatiwa fremu, akaitundika sebuleni juu ya kiti ambacho Kitinda alikuwa akikalia. Majirani wakaja kutazama. Fundi aliwachunguza nyuso, akingoja hata mmoja akunje uso, hata mmoja amtazame yeye kwa swali. Waliinamia kioo, wakatikisa vichwa, wakasema kijana alikuwa kijana kweli. Muuguzi alisema amechukua macho ya mama yake. Mke wa mwenye duka la matairi, ambaye hakuwahi kumjua marehemu wala kusikia habari za chama, alisema masikini, na alikuwa anaanza maisha. Binti yake mdogo, aliyebebwa mgongoni, aliipungia mkono.

Fundi alianza kuitazama kwa siri. Alipofagia sebule, alipopita na maji, alipokwenda kulala. Aliitazama karibu na mbali, asubuhi na jioni. Aliona pazia. Aliona kizingiti. Akajaribu kumrudisha kichwani yule wake wa zamani, aliyekuwa akitazama geti, na hakuja. Akasema basi, hata yule wa Alhamisi, na tabasamu lake. Huyo naye hakuja. Mji mzima ulikuwa unamwona mdogo wake isipokuwa yeye aliyembeba. Aliwaonea wivu wote, mpaka yule mtoto wa mgongoni, na usiku alijiuliza kama haki ni hii, kwamba aliyemnyima mtu picha ndiye anyimwe mtu.

Asubuhi moja alikuwa anapita sebuleni na vitambaa begani, anawahi mteja. Mama yake alikuwa amekaa chini ya picha, anachagua vifungo kwenye kopo.

"We mtoto," mama akasema bila kuinua kichwa. "Mdogo wako amekukosea nini?"

Fundi akasimama. Akauliza kwa nini anasema hivyo.

"Kila siku ukipita hapa anakuamkia. Wewe huitikii. Mtoto amelelewa vizuri, anasema shikamoo dada, na dada anampita kama jiwe. Mimi nanyamaza, lakini si vizuri. Ataona umemchoka."

Vitambaa viliteleza begani kwa Fundi vikaanguka, hakuviokota. Akainua macho. Mlango ulikuwa pale ukutani, na pazia lake, na jua likija ubavuni, na katikati palikuwa peusi na patupu kama siku alipopapiga. Alisikiliza. Alisikiliza kwa mwili wote, vidole, ngozi ya kichwa, akashika pumzi ili hata pumzi yake isije ikamfunika. Mama yake aliacha kuchagua vifungo, akawa naye anangoja.

"Marahaba," Fundi akasema, akabaki amesimama pale akisubiri neno la pili.